Hodi ya tatu

Mita yetu ya LUKU ilianza kulia tangu magharibi. Niliisikia nikaipuuza, maana nilikuwa nimekaa sakafuni na mdogo wangu, tumekesha na gemu ya Five Nights at Freddy's kwenye simu yake. Kwa asiyeijua, ni gemu ya mwaka 2014 iliyotengenezwa na mtu mmoja, Scott Cawthon. Wewe ni mlinzi wa zamu ya usiku kwenye mgahawa wa piza, kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Midoli mikubwa ya mashine, mkuu wao dubu Freddy, ile inayowaimbia watoto mchana, usiku inatembea kukutafuta. Una milango miwili, una taa, una kamera, na una umeme wa kupimiwa. Ukifunga mlango, asilimia zinashuka. Ukiwasha taa, zinashuka.

Nyumba ikazima. Feni ikamalizia mizunguko yake, ikatulia. Uso wa mdogo wangu ukabaki peke yake gizani, unamulikwa na simu.

"Kaka," akasema, "Freddy ametuzidi. Yeye bado ana asilimia kumi na moja."

Hakuacha kucheza, nami sikumwambia aache. Dakika chache baadaye umeme wa mgahawa nao ukaisha, macho mawili yakawaka mlangoni, na wimbo ukaanza: ile marshi ya mpigana na fahali kutoka opera ya Carmen ya Bizet, inapigwa polepole kama inatoka kwenye kisanduku cha muziki cha mtoto. Wanaoicheza wanajua. Wimbo ukiwa unaendelea, bado u hai. Wimbo ukikatika, amefika. Sasa tukawa na giza la kweli juu ya giza la gemu, na mdogo wangu anabana pumzi.

"Usikatike," ananong'ona. "Usikatike, usikatike."

Mimi kazi yangu ni sauti. Mchana narekodi matangazo kwenye studio ndogo, Jumamosi nakaa nyuma ya mitambo kwenye kumbi za harusi. Nimesikia nyimbo nyingi zikikatika, na kila mara ukumbi mzima hugeuka kunitazama. Lakini neno lile "usikatike" lilinipeleka mbali zaidi ya kazini. Lilinipeleka kwenye taarabu ya kwanza niliyopelekwa na Bibi, nikiwa na miaka tisa, kwenye ukumbi mmoja wa Magomeni ambao siku hizi ni ghala la mchele.

Usiku ule sikuelewa mashairi. Nilichoshika ni kutunza. Nilimwona mwanamke anainuka kwenye kiti, noti iko vidoleni, anakwenda mbele taratibu kwa mwendo wa ngoma, hana haraka kabisa, anamfikia mwimbaji, anamtunza, anarudi. Akirudi, kuna mwanamke mwingine upande wa pili amekunja uso. Nikamwuliza Bibi wamefanyana nini. Akaniinamia sikioni akasema: "Tazama anayeinuka. Usimtazame anayeimba."

Ndiyo gemu yetu ya kwanza ilivyozaliwa, pale sakafuni, kabla sijatoka kwenda kununua yuniti.

Ni ukumbi wa taarabu, saa sita usiku. Bendi ipo: kinanda, gitaa, besi, fidla. Wewe ni fundi mitambo, umekaa nyuma kabisa. Mbele yako ziko safu za wanawake, mabuibui na madira, kilemba hapa, ushungi pale. Mmoja wao si mtu. Pwani nzima tumelelewa na hadithi ya mwanamke mzuri ambaye chini ya nguo yake, mahali pa miguu, kuna kwato. Basi huyo yumo ukumbini na hujui amekaa wapi. Wimbo ukiendelea, amekaa. Wimbo ukikatika, anasimama. Na mwimbaji anaimba muda wote anapotunzwa, asipotunzwa anamaliza beti yake na kuteremka jukwaani.

Mfukoni una noti chache. Kila ukienda kutunza inabidi utoke kwenye mitambo yako, upite katikati ya safu, upite karibu na magoti ya kila mmoja. Jenereta iko nje na petroli yake ina mwisho. Ukiona mtu anainuka, una sekunde chache za kuangalia pindo la nguo yake linapogusa sakafu. Ukikosea ukamwashia taa mwanamke wa watu, anachukia, anaondoka, na safu inapungua. Kadiri viti vinavyobaki vitupu ndivyo unavyokuwa karibu naye.

Gemu ya pili ya Freddy, iliyotoka mwaka huohuo wa 2014, ina kitu kinachofanana na hiki. Kuna kisanduku cha muziki ambacho lazima ukitie ufunguo kila mara kupitia kamera, ukisahau, kikaragosi kilicholala ndani kinatoka. Sisi tulichofanya ni kuutoa ule ufunguo na kuweka noti. Sikutarajia lingebadilika jambo kubwa, lakini likabadilika, kwa sababu ufunguo unautia peke yako chumbani, ilhali noti unakwenda kuitoa mbele za watu.

Kisha mdogo wangu akauliza swali ambalo mpaka leo linanisumbua. "Na kama siku hiyo akiinuka yeye kwenda kutunza?"

Tulinyamaza wote wawili. Maana anayetunza amesikia beti inayomgusa. Ni beti ipi itakayomgusa yule?

Tangu usiku ule huu umekuwa mchezo wetu. Tunachukua kitu kwenye gemu ya kutisha, kitu kwenye hadithi za anga na mitambo ya kesho, na kitu kwenye muziki, tunavikutanisha, tunatazama kama vitaishi. Na nimejifunza kuwa vingi haviishi. Mtandaoni kumejaa picha za aina hii na mimi ni mtazamaji wao mwaminifu: zimwi la gemu moja limevalishwa kanzu, shujaa wa gemu nyingine kashika gitaa. Nazipenda, mikono iliyozichora ni ya watu wenye mapenzi ya kweli. Lakini umeshaitazama, umecheka, imeisha. Kilichohama pale ni nguo. Ninachokitaka mimi ni kanuni ihame, lile sharti la ndani linalosema ukifanya hivi kitatokea hivi. Kanuni ya taarabu ni kutunza. Kanuni ya Freddy ni wimbo unaokulinda mpaka ukatike. Hizo mbili zikikutana, zinazaa mtoto ambaye hafanani na mzazi yeyote.

Na wala sisi si wa kwanza kwa hili mjini hapa. Taarabu yenyewe ni ya kukutanisha: ala na mizani za Misri, tuni za filamu za Kihindi, maneno ya Kiswahili. Wale waliowahi kukaa kwenye vibanda umiza wanamkumbuka Lufufu, aliyekuwa akifasiri filamu za nje kwa sauti yake mwenyewe. Hakuwa anafasiri tu, alikuwa anaihamishia filamu huku kwetu. Mpiganaji wa China anafungua mdomo, unasikia mtu wa mtaani kwako. Mdogo wangu hakuziwahi enzi zile, mimi ndiye niliyemsimulia, na nilipomaliza akasema, "Kumbe tunaendeleza."

Twende kwenye gemu ninayoiheshimu kuliko zote kwa upande wa sauti, Alien: Isolation, nayo ya 2014. Uko kwenye kituo cha angani kinaitwa Sevastopol, unaitwa Amanda Ripley, na kuna mnyama mmoja. Hatembei kwa njia aliyopangiwa, anatafuta, na anasikia. Mkononi una kifaa kinacholia kila kitu kinaposogea, na hicho kifaa kinachokuonya, mlio wake nao anaweza kuusikia akiwa karibu. Na walioitengeneza waliongeza jambo moja la ajabu: ukitaka, unaruhusu maikrofoni ya kamera ya PlayStation 4 au ya Kinect, kamera ya Xbox, isikilize chumba chako. Ukikohoa sebuleni kwako, mnyama anasikia.

Sasa iweke gemu hiyo Tandale.

Tulicheka sana, halafu tukaacha kucheka tukaanza kuhesabu kwa dhati. Bajaji inapita dirishani. Jirani ana redio, na redio yake ina singeli. Jogoo wa Dar hana saa. Mama wa chumba cha pili anamwita mtoto dukani. Kila mlio ule unaingia kwenye maikrofoni na unamfikia mnyama kule Sevastopol. Kwa hiyo mchezaji wa Tandale anacheza gemu nyingine kabisa na mchezaji mwenye chumba cha kimya Ulaya. Yule wa Ulaya kazi yake ni kunyamaza. Wa kwetu hana uwezo wa kuunyamazisha mtaa, anachoweza ni kuujua: bajaji zinapungua saa ngapi, mwadhini wa alfajiri anaanza saa ngapi, jirani anazima redio saa ngapi. Anapanga kutembea kwake kwa saa za mtaa. Nilivyolifikiria hili nikaona nalitaka kweli, gemu inayomlipa mtu kwa kuujua mtaa wake.

Halafu kuna muuza kahawa. Anapita jioni na dele lake, anagonganisha vikombe, kling-kling, kling-kling, unamsikia kabla hujamwona. Kwenye Sevastopol ya Tandale mlio ule ni hatari. Lakini uhamishie kwenye Resident Evil, ile ya 1996, ambamo kuna vyumba vya kupumulia vyenye muziki mtulivu na mashine ya taipu: ukiwa na utepe wa wino unahifadhi ulipofikia, zimwi haliingii. Sisi mashine ya taipu ya nini? Vikombe vya kahawa vikisikika, maana yake kuna baraza karibu, kuna wazee wamekaa, kuna bao, kuna kashata. Kaa, kunywa, umehifadhiwa. Mlio uleule mmoja, kwenye gemu moja unakuua, kwenye nyingine unakuokoa. Naweza kukaa na jambo kama hili wiki nzima.

Kuhusu singeli tuligombana. Mdogo wangu ni mtoto wa singeli. Ameikuta imeshatoka Manzese na Mburahati, imeshapita kwenye vigodoro, imeshafika kwenye majukwaa ya Ulaya kupitia studio ya Sisso na zile rekodi za 2017. Yeye anataka singeli iwe muziki wa kukimbizwa: zimwi linatokea, biti inaingia, mapigo 200 na kitu kwa dakika, unakimbia. Nikamwambia hapana. Muziki wa kutisha kazi yake ni kukungojesha. Unashuka chini ya mapigo ya moyo wako, unavuta, unaacha nafasi, na hofu inaingia kwenye ile nafasi. Singeli haina nafasi. Singeli imeshaupita moyo, iko mbele inauita moyo uje. Mtu aliye ndani ya singeli haogopi chochote, na hilo ndilo jambo kubwa la muziki ule.

"Basi itumike wapi?"

Itumike pale inapozima. Aliyewahi kuwa kwenye kigodoro jenereta ikafa saa tisa usiku ananielewa. Dakika moja nyuma mlikuwa watu mia mbili na vumbi. Sasa unasikia mbwa wa mbali, unasikia masikio yako mwenyewe yanavuma, na ndipo unagundua uchochoro wa kurudia nyumbani ni mweusi kiasi gani. Kwenye gemu yetu, singeli ni ngome. Kituo cha angani kina spika moja kubwa, na muda biti inapolia hakuna kinachokusogelea. Lakini betri inapungua. Mdogo wangu alikubali, ingawa kwa shingo upande. Bado anataka kukimbia.

Nipite haraka kwenye Dead Space ya 2008, ingawa ina mahali pake moyoni mwangu, kwa sababu shujaa wake si mwanajeshi, ni fundi. Anaitwa Isaac Clarke, jina lililoungwa kutoka kwa waandishi wawili wa hadithi za kisayansi, Isaac Asimov na Arthur C. Clarke, na silaha zake ni vifaa vya kuchimbia madini. Kila gereji ya Gerezani ina Isaac wake, mwenye ovaroli na spana namba kumi na tatu, anayeweza kulitengeneza gari kwa kipande cha mpira wa ndala. Kitu ninachotaka kukiazima hapo ni kimoja tu: Isaac akitoka nje ya chombo, mahali pasipo na hewa, sauti zote zinakufa. Zimwi linakuja kimya. Unasikia pumzi yako basi. Kishikilie hicho, nitakirudia.

Watu huniuliza kama hadithi za anga ni zetu. Huwajibu kwa majina mawili ya vitabu. Shaaban Robert aliandika Kusadikika, kikatoka 1951, nchi inayoelea angani, yenye mahakama na mawaziri na wajumbe waliotumwa pande zote. Katama Mkangi aliandika Walenisi, kikatoka 1995: mtu aliyehukumiwa kufa anafungiwa kwenye chombo cha kurushwa angani, na chombo kinamfikisha kwenye dunia nyingine ambayo jina lake, ukilitamka polepole, linakwambia wale ni sisi. Na ukitaka upande wa muziki, Sun Ra, mpiga piano wa Alabama, miaka na miaka aliishi akisema yeye ni mwenyeji wa Zohali, na bendi yake ikapiga muziki wa mtu anayekumbuka kwao. Milango iko wazi tangu zamani.

Kukutanisha ninakokupenda kuliko kote kulitokana na sahani ya santuri. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, na ndani ya kila kimoja iliwekwa santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, kwa ajili ya yeyote atakayeikuta. Ina muziki wa kama dakika 90. Mna Bach, mna Chuck Berry, mna wimbo wa unyago wa wasichana wa Wambuti kutoka Zaire ya wakati ule. Na mna salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisotho kimo. Kiila cha Zambia kimo. Hata Kisumeri, lugha ambayo hakuna mama anayembembelezea mtoto leo, kimo. Kiswahili hakimo. Voyager 1 iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa na salamu zetu hazimo ndani yake.

Nilimwambia mdogo wangu hili tukiwa kwenye pantoni ya Kigamboni asubuhi moja ya mvua, hatuoni ng'ambo. Yeye alikuwa anazungumzia Silent Hill ya 1999, jinsi ukungu wake ulivyotokana na udhaifu wa PlayStation, haikuweza kuchora vya mbali, wakavificha kwa ukungu, na udhaifu ukageuka kuwa mji mzima wa hofu. Na jinsi redio ya mfukoni inavyokwaruza zimwi likikaribia. Nikamwambia kuhusu santuri. Akakaa kimya mpaka tunakaribia gati, kisha akanipa hadithi yote kwa pumzi moja.

Kituo cha mbali kabisa, nje ya sayari zote. Mafundi saba, wa Dar, wa Tanga, wa Unguja. Kitu kinafika mlangoni. Kinawasalimu kwa Kiganda. Kisha Kisotho, kisha Kichina, kisha Kisumeri. Wanaelewa: kimeikuta santuri. Kinapitia salamu zote, 55, moja baada ya nyingine, na wao wamesimama wanahesabu. Zinaisha. Kimya. Kisha, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, kwa Kiswahili safi:

"Hodi."

Neno hilo halimo kwenye santuri. Hakuna aliyelituma. Kimelitoa wapi?

Nilijaribu kumsaidia, nikamwambia labda redio, labda matangazo ya zamani ya Radio Tanzania Dar es Salaam yaliponyoka. Kisha nikajipinga mwenyewe, maana masafa mafupi hugonga tabaka la juu la anga na kurudishwa chini, ndiyo maana yalisikika nchi za mbali. Sehemu kubwa haikutoka. Tukaacha swali lilivyo.

Iliyobaki ni sauti. Nikamwendea Bibi, nikampa shikamoo, nikamweleza. Aliitikia, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza yeye.

"Huyo anayebisha, ndani kuna watu?"

"Wapo, Bibi."

"Wamemsikia?"

"Wamemsikia. Wanaogopa."

Akakaa mbele ya maikrofoni, nikafunga madirisha. Akabisha ya kwanza. Akabisha ya pili, taratibu zaidi, kama mtu aliyeweka kapu chini. Kisha akanyamaza. Nikamwonyesha kidole, ya tatu. Akatikisa kichwa.

"Hodi ni tatu. Ya tatu usipojibiwa, unaondoka. Mnataka aondoke?"

Mdogo wangu akasema hapana Bibi, tunataka aingie.

"Anaingiaje hajakaribishwa? Huyo si mgeni tena, huyo mwizi. Sauti yangu simpi mwizi."

Tulimbembeleza. Mwishowe akakubali kwa sharti lake. Akabisha ya tatu, kwa sauti ya chini kabisa, akangoja kwa kadiri mtu mwenye adabu anavyongoja, kisha akainuka bila kutuangalia akatoka zake. Sikuwahi kuzima mashine. Kwa hiyo kwenye rekodi yangu, baada ya hodi ya tatu, kuna kimya cha sekunde kama sita, halafu kandambili za Bibi kwenye sakafu ya saruji, zinakwenda, zinakwenda, mpaka uani.

Nimeshaisafisha. Nimeondoa mvumo wa friji, nimeacha kandambili. Katika hadithi wale mafundi saba wanazisikia zikiondoka, upande wa nje wa mlango, mahali ambapo hakuna hewa na hakuna sauti inayoweza kusafiri. Mdogo wangu anasema hapo ndipo mmoja wao anaukimbilia mlango kuufungua. Mimi nasema haufungui. Mpaka leo hatujapatana.